Shajara ya mradi: tope, chumvi na pumzi ya wanyama wa sakafu ya bahari

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kufanya kazi kama yetu kwenye maji ya pwani ya tropiki. Nitaiongeza kila hatua inapokamilika. Hatua za kawaida nazipita upesi. Makosa nayaeleza kwa urefu, maana ndiyo yaliyokula muda wetu. Gharama nazitaja kwa saa, safari na sampuli zilizopotea.

9 Februari: swali na vituo

Tunataka kujua kwa nini mahali pamoja pa sakafu ya bahari pamejaa minyoo, na mwendo mfupi kutoka hapo minyoo inapungua na nafasi yao inashikwa na chaza wadogo na amfipodi, vijidudu jamaa wa kamba. Ni aina ya mchanga? Ni kina? Chumvi? Oksijeni? Au ni chakula kinachotoka mtoni na kwenye mikoko?

Swali lenyewe ni la zamani. C.G.J. Petersen alianza kuhesabu wanyama wa sakafu huko Denmark mwanzoni mwa karne ya 20, akitaka kujua samaki wana chakula kiasi gani. Mwaka 1958 Howard Sanders, akifanya kazi Buzzards Bay nchini Marekani, alieleza kwamba wanyama wanaochuja chakula majini hutawala kwenye mchanga, na wanaokula tope hutawala kwenye tope. Lakini hayo ni maji ya baridi. Maji yenye chumvi kamili na joto la nyuzi 30 yakijaa oksijeni hubeba takriban miligramu 6.2 kwa lita, ilhali ya nyuzi 10 hubeba karibu 9. Na kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo mnyama anavyohitaji hewa zaidi. Wanyama wetu wanaishi karibu na ukingo wa kukosa hewa kila siku, na ndiyo sababu siwezi kuchukua majibu ya Buzzards Bay nikayabandika hapa.

Tumepanga vituo 10, K1 hadi K10, kwa mstari mmoja kutoka mdomo wa mto, kupita mbele ya mikoko na nyasi bahari, hadi nje ya matumbawe. Kila kituo tutachota mara tatu. Mstari huo ulionekana safi sana kwenye ramani. Ukumbuke, tutaurudia.

24 Februari: safari ya kwanza

Koleo la Van Veen ni taya mbili za chuma zinazofumba zikigusa chini. Letu linachukua eneo la mita ya mraba 0.05, na watu wawili wanaweza kulivuta kwa mkono. Tulitoka maji mafu ili mkondo usitusumbue.

K9 na K10 vipande vya matumbawe vilikwama kati ya taya, mchanga ukawa unamwagika njia nzima ya kupanda. Mimi nilikuwa naona nusu ya sampuli si haba, niikubali. Nahodha ndiye aliyenizuia: "Mwalimu, hili linavuja tangu chini. Angalia maji yalivyo meupe." Alikuwa sahihi. Kinachomwagika kwanza ni tabaka la juu, na wanyama wengi wanaishi humo humo. Tangu hapo tuna kanuni: taya ziwe zimefumba kabisa, uso wa sampuli uwe haujavurugika, na kina kiwe angalau sentimita 5 kwenye mchanga na 7 kwenye tope. Isiyotimiza inarudishwa baharini na tunachota tena.

Kwenye nyasi bahari koleo halifanyi kazi. Mizizi inalizuia, taya zinakwaruza juu tu. K5 na K6 tumeamua kuzamia na kukandamiza bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 15. Hesabu za bomba na za koleo tunaziweka mbali, kwa sababu eneo halilingani na bomba linaingia ndani zaidi.

Kosa kubwa la siku lilikuwa dogo kwa macho. Udongo wa kupima chembe tuliuchukua kwenye ndoo baada ya kumimina sampuli yote. K2, mahali ambapo mtu akisimama anazama mpaka magotini, ilitoa tope asilimia 11 tu. Tope, kwa kipimo tunachotumia, ni chembe zilizo chini ya milimita 0.063, na hizo ndizo zilizoondoka na maji ya juu tulipoinamisha ndoo. Sasa tunafungua kidirisha cha juu cha koleo kabla ya jambo lingine lolote, tunachomeka bomba la sindano lililokatwa ncha, na kuchukua tabaka la juu lilivyo. K2 ikapanda hadi asilimia 58.

Gharama: sampuli 7 zilizotupwa, na vipimo vyote 10 vya chembe kurudiwa. Safari moja nzima.

8 Machi: minyoo wanaopita kwenye chekecho

Tulichekecha mashuani, wanyama wakiwa hai, kwa matundu ya milimita 1. Jioni nikaweka chekecho la nusu milimita chini ya lile la kwanza ili kujaribu tu. Nilichokiona sitakisahau. Mnyoo mwembamba kama uzi, mwekundu, alitoa kichwa kupitia tundu, akajinyoosha, akajivuta polepole hadi mwili wote ukashuka upande wa pili. Nyuma yake wakafuata wengine. Tulikuwa tunawafungulia mlango.

Marekebisho mawili. Kwanza, matundu ni ya milimita 0.5. Wanyama wengi wa tropiki ni wadogo, na chekecho la milimita 1 linaacha sehemu kubwa ya jamii ipotee. Kwa kila sampuli tunaweka vilivyobaki kwenye milimita 1 na kwenye milimita 0.5 katika chupa mbili tofauti, ili anayetaka kulinganisha na kazi za zamani aweze. Pili, tunalaza wanyama kwanza kwa maji yenye magnesi kloridi, kisha formalini, dawa ya kuwahifadhi, ndipo tunachekecha. Kuwalaza kuna faida nyingine: minyoo hawajikati vipande. Hata hivyo vipande vipo, kwa hiyo tunahesabu vichwa tu. Mkia bila kichwa hauhesabiwi, uwe mrefu kiasi gani.

Rangi ya rose bengal kwenye formalini inasaidia sana. Wanyama wanageuka waridi, na kuwatenga na nyuzi za mimea kunakuwa kazi ya saa badala ya siku.

29 Machi: tulichoma chokaa

Hili ndilo kosa lililonifundisha zaidi, kwa hiyo nalieleza hatua kwa hatua.

Ili kujua chakula kilichomo kwenye tope, njia rahisi ni kukausha sampuli, kuipima, kuichoma kwenye tanuri la maabara na kuipima tena. Uzito uliopungua ndio mabaki ya viumbe, ndivyo inavyohesabiwa. Tanuri tulilopewa lilikuwa limewekwa nyuzi 950 kwa kazi ya watu wengine, nasi hatukuligusa.

Matokeo yalitushangaza. Tope la mikoko lilipoteza asilimia 18. Mchanga mweupe wa K10, ulio safi kama chumvi ya mezani, ulipoteza asilimia 41. Kwa hesabu hiyo mchanga wa matumbawe ulikuwa na chakula mara mbili ya tope jeusi lenye harufu. Nilikaa na namba hizo siku mbili nikitafuta maelezo. Niliandika hata aya nzima kuhusu mwani usioonekana kwa macho.

Siku ya tatu mwenzangu wa maabara alidondosha tone la maji kwenye kibakuli cha K10. Likachemka na kulia "tsss", na kibakuli kikapata moto mkononi. Hapo tukaelewa. Mchanga wa matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ukiuchoma kwa joto kali hutoa kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa hai. Gramu 100 za kaboneti tupu hutoa gramu 44 za hewa hiyo, na asilimia 41 yetu ilikuwa hapo jirani. Hatukuwa tumepima chakula cha mnyama yeyote, tulikuwa tumeendesha tanuri la chokaa.

Marekebisho: nyuzi 450 kwa saa 4, baada ya kukausha hadi uzito usibadilike tena. Joto hilo linaunguza mabaki ya viumbe na kuiacha kaboneti karibu yote. K10 ilishuka chini ya asilimia 3, tope la mikoko likabaki asilimia 13. Sasa picha inaeleweka. Kwa anayefanya kazi mahali penye matumbawe: andika joto la tanuri kwenye daftari pamoja na kila kipimo. Namba isiyo na joto lake siitumii tena, hata ikitoka kwa mtu ninayemwamini.

Gharama: wiki moja, na sampuli 10 zisizorudi, kwa kuwa kilichochomwa kimechomwa. Tulikuwa na akiba ya 8, vituo viwili ikabidi kuvirudia baharini.

17 Aprili: chaza walioyeyuka

Kwa ufupi. Chupa za safari ya kwanza zimekaa kwenye formalini wiki saba. Chaza wadogo wa K8 wamebaki ngozi laini bila gamba. Formalini ikikaa hugeuka kidogo kidogo kuwa asidi ya fomiki, na asidi inakula gamba. Tulisahau boraksi, inayoizuia asidi hiyo. Sasa kila lita inatiwa boraksi, tunapima pH kabla ya kutoka, na baada ya siku chache wanyama wanahamishiwa kwenye ethanoli ya asilimia 70. Formalini ni sumu: glavu, miwani, dirisha wazi, na asiye na kazi nayo asikae chumbani.

Gharama: chupa 3 za K8 ambazo chaza wake hawatajwi tena kwenye hesabu.

12 Mei: mvua

Mto umefurika. Kwenye K2 nilichota maji ya juu kwa ndoo, kipimo kikasoma chumvi 9, yaani gramu 9 kwa kila kilo ya maji. Nikaandika kwamba wanyama wa K2 wanaishi kwenye chumvi 9, na nikastaajabu kwa uvumilivu wao.

Haikuwa kweli. Maji ya mto ni mepesi, yanateleza juu ya maji ya bahari. Tuliposhusha chupa ya kuchotea hadi nusu mita juu ya sakafu, tukapata 24. Tukachomeka sindano kwenye tope lenyewe, sentimita 5 ndani, tukavuta maji yaliyo kati ya chembe: 29. Kwa mnyama aliyejichimbia, furiko lile lilikuwa habari ya mbali. Kwa aliye juu ya tope lilikuwa jambo zito, na kwenye fungu linalokauka maji yakipwa lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa pale mvua inanyesha moja kwa moja juu ya mnyama.

Wanyama wenyewe wanasema hivyo hivyo. Ofiuroidi, wale jamaa wa kiti cha pweza wenye mikono myembamba inayopinda kama nyoka, walikuwepo K3 mwezi Februari. Sasa tumekuta vipande vya mikono tu, hakuna mzima hata mmoja. Kundi lao lote, pamoja na jongoo bahari, halina namna ya kurekebisha chumvi ya mwili. Maji yakipungua chumvi, mwili nao unapungua chumvi. Minyoo wa familia ya Nereididae waliokuwa palepale wamebaki.

Kanuni mpya: chumvi inapimwa sehemu tatu, juu, karibu na sakafu, na ndani ya tope. Safari mbili za mwanzo zilipimwa juu tu, kwa hiyo namba zake za chumvi nimezifuta kwenye jedwali. Iliniuma, lakini hazikuwa zikieleza makazi ya mnyama yeyote tuliyemhesabu.

4 Juni: oksijeni kabla ya alfajiri

Vipimo vyote vya oksijeni tulikuwa tumevichukua kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 mchana, wakati ambao mashua hutoka. Vyote vilikuwa vizuri. Kwenye K4, pembeni ya nyasi bahari, saa 8 mchana tulipata miligramu 7.8 kwa lita, zaidi ya maji yanavyoweza kushika, kwa sababu majani yanatoa oksijeni juani. Tukalala mashuani. Saa 11 alfajiri, maji yakiwa yametulia, kipimo kilekile mahali palepale kilisoma 1.6. Chini ya 2 wanyama wengi wanaanza kuhangaika. Usiku majani, bakteria na wanyama wote wanavuta, na hakuna anayerudisha.

Tulivuta bomba la kioo kutoka hapo na kulisimamisha kwenye mwanga wa taa. Juu kulikuwa na utando wa kahawia, unene wa kama milimita 6. Chini yake tope jeusi lenye harufu ya mayai viza. Lakini ndani ya weusi huo, sentimita 8 chini, kulikuwa na mstari mwembamba wa kahawia ulioshuka wima, na katikati yake kishimo cha mnyoo. Mnyoo anapovuta maji kuingia shimoni kwake anayavuta na oksijeni, na tope linalomzunguka linabadilika rangi. Tulihesabu mashimo matano ya namna hiyo kwenye bomba moja. Mazingira yanawachagua wanyama, ni kweli, lakini hawa nao walikuwa wanayajenga mazingira kwa unene wa milimita mbili mbili kila upande. Nililiangalia bomba lile mpaka kukapambazuka.

Tunapima sasa mara mbili kila kituo, saa 8 mchana na saa 11 alfajiri.

1 Julai: mstari uliotudanganya

Uchambuzi wa kwanza. Nilianza na makosa mawili madogo. La kwanza, hesabu ghafi: kundi moja la amfipodi wa K7 lilizidi wanyama wengine wote pamoja, na mfanano wa vituo, kwa kipimo cha Bray na Curtis, ukawa unapima amfipodi tu. Nikachukua kipeuo cha nne cha kila hesabu, wanyama adimu wakapata sauti. La pili, nilikuwa nimeng'ang'ania kutambua kila mnyoo hadi spishi. Saa 60 za hadubini ziliishia kwenye familia mbili. R.M. Warwick alionesha mwaka 1988 kwamba athari za uchafuzi kwenye sakafu zinaonekana vizuri hata wanyama wakitajwa kwa familia, na kwa swali letu familia zinatosha. Spishi tumeziweka akiba kwa atakayekuwa na muda.

Kosa kubwa ni lile la mstari. Kutoka K1 kwenda K10 kina kinaongezeka, tope linapungua, chumvi inapanda, oksijeni ya alfajiri inapanda, na mabaki ya viumbe yanapungua. Vyote vinakwenda bega kwa bega. Jamii ya wanyama inabadilika vizuri sana kwenye mstari huo, na mtu anaweza kulipa sifa jambo lolote kati ya hayo matano. Programu ilinipa kina kama sababu kuu. Ningeweza kuandika hivyo na pengine nisipingwe na mtu.

Tena, kuchota mara tatu kutoka nanga moja hakunipi vituo vitatu. Kunanipa kituo kimoja kilichopimwa mara tatu. Stuart Hurlbert aliliandikia onyo kosa hili mwaka 1984, nami nililisoma zamani nikadhani linahusu watu wengine.

Marekebisho: vituo vinne nje ya mstari. K11 na K12 viko kwenye shimo la tope nyuma ya matumbawe, kina cha mita 14, chumvi kamili. K13 na K14 viko kwenye fungu la mchanga karibu na mdomo wa mto, kina cha mita 2, mkondo mkali na chumvi inayopanda na kushuka. Tope la kina na mchanga wa kina kifupi: hapo ndipo sababu zinaachana.

23 Julai: plasta na mkondo

Mkondo hatukuwa na chombo cha kuupima. Tulimimina plasta ya jasi kwenye vikombe, tukapima uzito wa kila kibonge, tukavifunga kwenye vijiti juu kidogo ya sakafu kwa saa 24. Penye mkondo kibonge kinayeyuka zaidi. Mara ya kwanza tulisahau kwamba joto na chumvi nazo zinaathiri uyeyukaji, ikabidi kurudia huku vibonge vingine vikikaa kwenye ndoo zilizotulia zenye maji ya kituo kilekile. Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya kilichokuwa baharini na kilichokuwa ndooni.

Gharama: vibonge 28, na vingine 6 vilivyochukuliwa na bamvua kwa sababu fundo lilikuwa baya.

18 Agosti: vituo vipya vinasema nini

Kwa minyoo, K11 na K12 vinafanana na K2 kuliko na jirani zao K9 na K10. Wanaokula tope wamejaa, kina si kitu kwao. Kina, kile ambacho programu ilikipa ushindi, kimeanguka. K13 na K14 zina wachujaji: chaza wadogo na amfipodi, sawa na mchanga wa nje, ila aina ni chache zaidi. Na vibonge vya plasta vinafuata mgawanyo huohuo kuliko hata ukubwa wa chembe. Paul Snelgrove na Cheryl Ann Butman walitoa hoja hii mwaka 1994: chembe za mchanga peke yake hazielezi mnyama yuko wapi, kwa kuwa mkondo unaochagua chembe ndio huohuo unaoleta chakula na mabuu. Nilikuwa nimeisoma. Sasa nimeiona kwenye vibonge vyangu.

Ofiuroidi wanasimulia upande wa pili. Wapo K11 na K12 kwenye tope, wapo K9 na K10 kwenye mchanga, hawapo K13, K14 wala K2. Kwao tope au mchanga si hoja, hoja ni chumvi. Kwa hiyo, kwa sampuli hizi, mkondo na tope vinaamua mnyama ale vipi, na chumvi ya msimu wa mvua pamoja na oksijeni ya alfajiri vinaamua nani aondolewe kwenye orodha. Vituo vinne ni vichache. Kabla ya kulisema hili kwa sauti kubwa nataka mashimo mengine mawili ya tope na mafungu mengine mawili.

9 Septemba: K3 tena

Mvua imeisha, maji karibu na sakafu ya K3 yamerudi chumvi 34. Kwenye chekecho la milimita 1 hakukuwa na ofiuroidi. Kwenye la nusu milimita, chini ya hadubini, wapo kumi na mmoja, mwili wa kila mmoja haufiki milimita moja, mikono imekunjwa, rangi ya waridi. Tumewaweka kwenye chupa yao peke yao. Tutapima upana wao kila mwezi hadi mvua ijayo, tuone watafika ukubwa gani kabla mto haujafurika.